Chaja Aliyoichagua Anne

Laurent alikuwa kinyozi, ila hakuwa kinyozi wa kioo na muziki. Kazi iliyomfanya ajulikane kuanzia New Congo hadi Juru ilikuwa kunyoa watu waliofiwa. Kwao, upande wa Uvira, jamaa za marehemu hunyolewa matanga yanapokaribia kwisha, na watu wa Kivu walipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walikuja na desturi hiyo kama walivyokuja na nyimbo zao za kanisani. Mtu hatoki matanga akaenda kuketi katika kibanda cha Base Camp, katikati ya kambi, jenereta likinguruma mlangoni na vijana wakibishana habari za mpira. Anafuatwa nyumbani kwake. Aliyewafuata ni Laurent, mfuko wa kitambaa begani, na ndani yake mkasi, kitana na taulo mbili alizofuliwa na mkewe.

Hakuwa msemaji. Alifika, akanawa mikono, akauliza jina la marehemu, basi. Baada ya hapo alinyoa kimya mpaka mwisho. Watu walisema mkono wake ni mwepesi. Yeye mwenyewe hakuupenda wembe. Alidai kila kichwa kiwe na wembe wake, na mara nyingi familia ilikuwa na mmoja tu, ikabidi mtu atumwe kutafuta wengine huku wafiwa wakingoja juani. Watoto wenye vidonda kichwani walilia. Alikuwa akitamani mashine, lakini mashine zote alizozijua ziliishi kwenye waya, na waya ulikuwa Base Camp.

Mashine aliipata mwaka 2011, mkononi mwa askari.

Askari huyo aliitwa Apollo. Alikuwa wa kambi ya jeshi ya Mbarara, lakini nyumbani kwao ni Endiinzi, kwenye ng'ombe. Baba yake alikuwa amepooza upande mmoja na hatoki kitandani. Laurent alikwenda huko mara ya kwanza kutafuta kibarua cha kupalilia migomba, akamkuta mzee yule ana ndevu zilizoshikana kwa uji, akaomba maji ya moto, akamnyoa. Tangu siku hiyo, kila alipopita Endiinzi aliingia kumnyoa. Apollo aliporudi likizo kutoka Somalia, akaambiwa habari hizo, alimngoja.

"Mzee, wewe ndiyo nanyoa baba yangu?"

"Ni mie, afande."

"Na hujachukua kitu?"

"Huwa ananipa maziwa."

Apollo alicheka, akaingia ndani, akatoka na mashine nyeusi isiyozidi kiganja. Akaiwasha. Haikupiga kelele, ilivuma taratibu, kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa.

"Hii haitaki waya," alisema. "Kule sisi nanyoana nayo kwa hema. Ona, iko na betri mbili za lithiamu, unatoa, unachaji, unarudisha. Chaja yake iliharibika, nikaiacha kule. Tafuta Mbarara, Mbarara iko kila kitu. Lakini sikia, mzee. Usichaji na chaja ya ovyo. Hii betri si kama ya redio. Rafiki yangu, betri yake moja iliwaka ndani ya begi, nguo yote ikaisha."

Laurent alipokea kwa mikono miwili. Alitembea na mashine ile kutoka Endiinzi mpaka nyumbani akiwa ameifunga katika taulo.

Mkewe Anne alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kukimbia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kufundishia hata alipoomba chumvi. Moyo wake haukuwa mzima. Miguu ilimvimba ikifika jioni, na kila baada ya muda fulani alipewa karatasi ya kwenda kuonwa na daktari Mbarara. Laurent akangoja siku ya safari hiyo ili waende pamoja.

Walimaliza hospitali mapema kuliko walivyofikiri, wakashuka mjini. Waliuliza maduka kadhaa ya vifaa vya simu. Wengine waliziangalia betri wakatikisa kichwa, mmoja akataka kuzinunua. Mwishowe walielekezwa kwa Sharifah, karibu na soko. Duka lake lilikuwa jembamba kama ujia, kuta zote zimefunikwa nyaya, na yeye mwenyewe alikaa juu ya kiti kirefu, ushungi wa buluu kichwani, akiparua kava ya simu kwa ukucha.

"Nyabo, karibu, mama. Sebo, karibu, mzee. Munatafuta nini?"

Laurent akaweka betri mbili juu ya meza ya kioo. Zilikuwa nene kama kidole gumba, ndefu kidogo kuliko zile za tochi.

"Aa, za lithiamu," alisema Sharifah. "Chaja zake ziko. Ziko aina mbili."

Ya kwanza ilikuwa nyepesi sana, kasha la plastiki lenye chuma cha kuchomeka ukutani na sehemu ya kulaza betri, na taa ndogo nyekundu. Ya pili ilikuwa nzito, ina nafasi mbili zenye springi, kila nafasi na taa yake, na nyuma yake maandishi mengi madogo. Bei zake hazikufanana hata kidogo.

"Hii nyepesi ndiyo watu nachukua sana," alisema Sharifah. "Inachaji haraka, na inakubali betri yote. Hata ile imekaa mwaka, inakubali."

Laurent alikuwa ameshaishika. "Hii ni mzuri," alisema. "Jenereta ya Pacifique inawaka saa chache tu. Tunatafuta ya haraka."

Pacifique alikuwa jirani yao, mwenye kibanda cha kuchaji simu. Jenereta lake lilianza kunguruma jua likizama na kunyamaza mafuta yalipokwisha.

Anne alinyoosha mkono. Alimnyang'anya mumewe chaja ile taratibu, akaigeuza, akatafuta maandishi. Hayakuwepo ila neno la kiwanda. Akamwuliza mwenye duka, "Betri ikijaa, hii inafanya je?"

"Ikijaa unatoa."

"Na kama sijui imejaa?"

"Nyabo, unakadiria. Ukishika ikiwa moto sana, unajua imejaa."

"Na hii ingine?"

"Hii inajizima yenyewe. Ikijaa taa inakuwa kijani, na umeme hauingii tena. Hii ni ya lithiamu peke yake, imeandikwa hapo. Unaweza chaji hata na betri ya gari, waya yake iko. Lakini inakwenda polepole sana, sikudanganyi. Na iko na kisirani. Betri ikishuka chini sana, inakataa. Inawasha nyekundu, inawasha nyekundu, basi. Watu wananirudishia, wanasema Sharifah umetuuzia kitu kibovu."

"Inakataa?"

"Inakataa kabisa."

Anne aliiweka nyepesi juu ya kioo. "Ile yenye inakataa ndiyo nataka."

"Mama Divine," Laurent alisema kwa sauti ya chini, aibu ya kubishana mbele ya mgeni ikimbana, "tutaichaji fasi gani? Pacifique atazima jenereta mbele hii ifike nusu."

"Tutatafuta fasi."

"Ile ingine inamaliza mbio."

"Afande alikuambia nini juu ya rafiki yake?"

Laurent akazigusa betri zake mbili juu ya kioo.

"Hii mashine utaiweka ku kichwa ya mutoto wa batu," alisema Anne. "Mutoto mwenye mama yake wamemuzika juzi. Ikimuwakia pale, wewe utamwambia neno gani?"

Sharifah aliacha kuparua kava. Laurent akatoa fedha, na kitenge ambacho binti yao Divine alikuwa amekiomba hakikununuliwa safari ile.

Mahali Anne alipatafuta, akapapata. Kanisa lao lilikuwa na paneli ya jua juu ya bati, nayo ililisha betri ya gari iliyoendesha vipaza sauti siku ya Jumapili. Siku nyingine umeme ule haukuwa na kazi. Anne alikwenda kwa Mzee Sebagabo, mtunza kanisa, mtu mgumu aliyefunga hata pipa la maji kwa kufuli. Hatujui alimwambia nini. Tunajua tu kwamba tangu wiki ile Anne alikuwa akionekana asubuhi ameketi kwenye benchi la nyuma kanisani, miguu ameinyoosha juu ya tofali, akishona, na kando yake chaja ina taa mbili nyekundu. Taa zilipogeuka kijani alizitoa betri, akazifunga kila moja katika kitambaa chake, akarudi nyumbani akipumzika njiani mara kwa mara.

Hata wiki ambazo hakuna aliyekufa alizipeleka. Laurent akamwambia apumzike, betri hazijatumika. Alikataa. Alikuwa amesoma maandishi yale madogo yote, na yalisema betri ya lithiamu isiachwe ikalala tupu, inaharibikia ndani.

Laurent akanyoa kwa mashine ile miaka miwili. Habari zikasambaa kwamba haiumi, na watu walianza kumwita kutoka Kabazana na Rubondo, hata Warundi na Wanyarwanda ambao zamani hawakumwita. Siku moja huko Juru alimnyoa mjane ambaye, kwa jinsi walivyosema wifi zake, hakuwa amefumba macho tangu mumewe aletwe amefunikwa blanketi. Mvumo wa mashine ulipoanza karibu na sikio lake, mama yule alilala. Kichwa kilimwangukia Laurent kiganjani. Wifi zake wakataka kumwamsha, Laurent akawaashiria wasifanye hivyo. Akaizima mashine, akasimama pale amekishika kichwa kile, nusu kina nywele na nusu hakina, mpaka mkono ukafa ganzi, mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Mama yule alipoamka aliomba radhi kana kwamba ameiba.

"Mbona umekawia?" Anne alimwuliza jioni ile. Laurent alipomsimulia, Anne alichukua mkono wake uliokufa ganzi akaukanda.

Mwaka 2013, mvua za masika zilipoanza, Laurent alikuwa Rubondo kwenye matanga. Alikuwa amemaliza vichwa vya watu wazima, ameshika cha kijana, mtu akaja mbio kumwambia Anne ameanguka kanisani. Aliitupa mashine mfukoni akaondoka. Hakuangalia kama ameizima. Ikaendelea kuvuma ndani ya taulo, njia nzima, naye kwa mvua na kwa mapigo ya moyo wake hakuisikia. Alipofika nyumbani aliutundika mfuko kwenye msumari, akatoka tena, maana gari la kumpeleka Anne Mbarara lilikuwa limeshapatikana.

Hospitali walikaa muda mrefu. Laurent alilala chini, kwenye mkeka kando ya kitanda, kama walivyolala wauguzaji wengine. Asubuhi alimfulia, akampikia uji nyuma ya wodi, akamgeuza. Divine, binti yao wa pekee, alikuja siku zake za mapumziko. Alikuwa msichana mkubwa wa miaka ishirini na kitu, akifanya kazi Bwizibwera mahali panapokusanywa maziwa, akiosha makopo na kupima. Alikuja akinuka maziwa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamchana mama yake nywele zilizokuwa zimeanza kunyonyoka.

Daktari alikuwa mpole. Aliwaeleza kwamba moyo umechoka, dawa zinasaidia kidogo tu, na maji mwilini yatarudi kila yakitolewa. Anne alielewa haraka kuliko mumewe.

"Unafanya kazi?" alimwuliza Laurent siku moja.

"Kazi gani? Si niko hapa na wewe."

"Batu banakufa kule. Nani anabanyoa?"

"Watajua wenyewe."

"Si vizuri," alisema Anne, akafumba macho.

Alikufa mchana, wakati wa kugawa chakula, Laurent akiwa kwenye mstari na sahani mbili mkononi.

Walimrudisha Nakivale kwa gari la watu wa kanisa. Mzee Sebagabo alifungua kufuli zake zote siku ile. Maji, mabenchi, vipaza sauti, vyote vikatolewa. Wakamzika upande wa mlima, udongo mwekundu umelowa, unang'ang'ania majembe. Laurent alisimama wima muda wote. Watu waliokuwa wamenyolewa naye walikuja wengi, hata kutoka Kabazana, na kila mmoja alimshika mkono kwa namna ya mtu anayejua siku hii ilivyo.

Matanga yalipofika siku ya kunyoa, kila mtu alidhani ataitwa mtu mwingine. Laurent akakataa.

"Mtoto wa Anne nitamnyoa mie," alisema. "Na mashine yake."

Alisema "yake", na hakuna aliyemrekebisha.

Akautungua mfuko kwenye msumari. Taulo lilikuwa limeota ukungu. Mashine, kitufe chake kilikuwa bado upande wa kuwaka, lakini haikutoa hata pumzi. Laurent alizitoa betri, akazipangusa, akazitia kwenye chaja, akapeleka kanisani mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akaketi kwenye benchi la nyuma. Taa nyekundu zikawaka, zikazimika, zikawaka, zikazimika. Akazitoa, akazigeuza, akasugua ncha kwa shati, akazirudisha. Zikawaka, zikazimika. Aliketi hivyo mpaka Sebagabo akaja kumwambia kwamba watu wamejaa nyumbani wanamngoja.

Njiani alipita kibandani kwa Pacifique. Hakukusudia kuingia, Pacifique ndiye aliyemwona akamwita. Alikuwa kijana mwema, mwenye mke na watoto wadogo, na matanga yale alikuwa ametoa sukari na jenereta bila kuombwa.

"Papa Divine, ni nini?"

Laurent akamwonyesha.

Pacifique akaishika betri moja, akaipima kwa kiganja. "Hii haijakufa. Imelala tu. Chaja yako inaogopa bure. Mie niko na ile yenye haichagui, nimefufua betri mingi. Lete."

Laurent aliitazama chaja iliyokuwa ukutani. Ilikuwa ya aina ile ile aliyoishika dukani kwa Sharifah, kasha jepesi, taa ndogo nyekundu. Alijua vizuri anachokitazama. Tena alikumbuka neno kwa neno alichoambiwa mbele ya meza ile ya kioo. Lakini nyumbani kulikuwa na watu wameketi kwenye mikeka, na Divine ameshafungua nywele, na yeye alikuwa ameshasema kwa kinywa chake kwamba atamnyoa na mashine ya mama yake. Hakuwa na nguvu za kurudi kuwaambia imeshindikana.

"Haya," alisema.

Pacifique akaliwasha jenereta mchana kweupe kwa ajili yake. Betri zikakubali. Ile chaja haikulalamika hata kidogo. Baadaye Pacifique alimkabidhi akiwa anatabasamu kwa huruma, naye Laurent akazihisi zina joto, moja kuliko nyingine, akazipeperusha hewani akienda, ili zipoe.

Divine alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, kivulini mwa ukuta. Nyuma yake, kwenye mkeka, zilikuwa nguo za Anne. Zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa, vitenge juu ya vitenge, ili jamaa wagawane matanga yakiisha. Mukakalisa, mama mmoja wa makamo aliyekuwa rafiki wa Anne wa kanisani, ndiye aliyezikunja, na alikuwa amekaa karibu nazo.

Laurent alinawa mikono. Kwa mazoea kinywa chake kikafunguka kuuliza jina la marehemu, kisha kikafunga. Akamwekea binti yake taulo mabegani. Mashine ikavuma. Baadhi ya wanawake waliposikia mvumo ule walianza kulia upya.

Alianzia nyuma, shingoni, akapanda upande wa kushoto. Nywele za Divine zilianguka nzito. Alifika juu ya sikio, akahisi kiganja kinapata moto. Akadhani ni jua. Akaendelea kidogo. Mara mashine ikatoa mlio ambao hakuwahi kuusikia, kama chumvi kwenye mafuta, na harufu kali tamu-tamu ikampanda puani.

Wengine wangeitupa mara moja. Yeye alikuwa ameiegemeza kichwani mwa mtoto wake, na kitu cha kwanza mwili wake ulichofanya ni kuifumbata mkononi na kuigeuzia kifuani kwake, mbali na Divine. Ililipuka ndani ya ngumi. Moto mweupe ulitoka kati ya vidole, wa kupuliza, si moto wa kuni. Hapo ndipo mkono ulipofunguka wenyewe. Mashine ikarushwa nyuma, ikaangukia vitenge.

Watu walikimbia. Mukakalisa alivuta mkeka, akamwaga ndoo ya maji, kisha mtu akakumbuka mchanga. Nguo zile zilikuwa kavu na zimebanana. Ziliwaka kutoka katikati kwenda nje, na kila walipofunika upande mmoja moshi ulitokea upande mwingine. Walipomaliza, zilibaki kanga moja iliyotoboka na mkono wa blauzi. Nyumba ilipona.

Divine hakuungua. Alikuwa amesimama na taulo mabegani, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, akimtazama baba yake aliyekuwa amepiga magoti na mkono wake mbele yake kama kitu cha mtu mwingine.

"Papa," alisema. "Papa, nionyeshe."

Walimpeleka kituo cha afya. Mukakalisa alibaki na Divine, akamkalisha tena kigodani, akamaliza kumnyoa kwa mkasi na wembe, huku wote wawili wakilia bila sauti, kwa sababu haikuwezekana msichana akae hivyo.

Mkono ulipona kwa namna yake. Ngozi ilipojiunga ilivivuta vidole vitatu vikakunjika ndani, na havikunyooka tena. Laurent angeweza kushika kikombe kwa mkono wa kulia, asiweze kushika mkasi. Mwanzoni watu waliendelea kuja kumwita, kwa sababu waliotoka mbali hawakuwa wamesikia. Alitoka nje, akawaonyesha mkono, akaingia ndani.

Pacifique alikuja kumwangukia. Alilia, akasema yeye ndiye aliyeua mkono ule, yeye ndiye aliyeichoma hata nguo ya marehemu. Laurent alimwinua.

"Hukunilazimisha. Nilijua, nikaleta."

"Unisamehe, Papa Divine."

"Nimekusamehe. Lakini ile chaja itupe."

Pacifique aliahidi, na kwa muda haikuonekana. Kisha Laurent akapita kibandani akaikuta ukutani, imebana betri ya tochi ya mtu. Pacifique aliinamisha uso.

"Batu wanataka haraka," alisema. "Nikiwakatalia wanakwenda kwa mwingine, na kwa mwingine ni ile ile. Watoto watakula nini?"

Laurent akatoka mlangoni. Alijaribu kuwaeleza watu wawili watatu waliokuwa wakingoja simu zao pale, nao walimsikiliza kwa heshima anayopewa mtu aliyefiwa, wakaacha betri zao kwa Pacifique.

Apollo naye alifika, aliposikia msiba. Alikuwa amevaa kiraia, amebeba gudulia la maziwa kutoka Endiinzi. Baba yake alikuwa bado hai. Alipouona mkono alishusha pumzi, akakaa.

"Ni ile mashine yangu?"

"Si mashine, afande. Mashine ilikuwa mzuri."

"Mimi ndiyo nilikuletea hii kitu."

"Uliniletea miaka mbili ya kazi," alisema Laurent. "Na mama alikuwa na furaha nayo. Kunywa chai."

Wakanywa chai. Apollo aliuliza kama kuna la kusaidia, Laurent akasema hakuna, na ilikuwa kweli. Chaja aliyoichagua Anne ilibaki juu ya kabati, waya wake umefungwa kwa uzi kama alivyoufunga mwenyewe. Mtu mmoja wa Kabazana aliomba kuinunua. Laurent alimwambia haiuzwi, kisha baadaye akajuta, maana angalau kwa mtu yule ingefanya kazi, lakini hakumfuata.

Alirudi kulima. Kipande chao kilikuwa kwenye mteremko, udongo umechoka, na mkono wa kushoto ulijifunza jembe polepole sana. Alipanda maharage na mahindi kidogo. Mukakalisa alimletea mboga, akampigia hodi kila asubuhi ili ahakikishe ameamka. Hakulisema hilo, lakini wote wawili walijua. Jumapili alikaa mbele kanisani, hakukaa tena nyuma.

Mwaka 2015 Divine alikuja kumwambia kwamba ameposwa na kijana wa Masha, anayeendesha gari la maziwa, na kwamba hawatangoja sana.

"Ni mutu muzuri?"

"Ni muzuri, Papa. Hanywi."

"Basi."

"Nataka uje tukae wote. Kuna chumba. Hapa uko peke yako."

Laurent alikuwa akipukuchua maharage kwa mkono wa kushoto, ungo mapajani.

"Huko Masha nitafanya nini?"

"Utapumuzika."

"Hata hapa ninapumuzika."

Divine alijua maana yake ni kwamba hatahama, akaacha kumsihi. Walikula pamoja, akafagia nyumba, akaangalia paa mahali palipokuwa panavuja, akaahidi kumtuma mchumba wake alete bati. Gari lilipopiga honi barabarani alisimama, akamkumbatia baba yake kwa nguvu, akaondoka haraka bila kugeuka. Laurent alimsindikiza mpaka kwenye ua, akasimama hapo hadi vumbi likatulia. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa. Akarudi, akauingiza ungo ndani kabla ya mvua, akakaa karibu na mlango kuchambua maharage, akitoa yaliyooza.